Tueleze Siku Uliyokosea

Mitundu,
12 Julai 1997

Mama yangu Anastazia,

Shikamoo. Huku hatujambo, ni vumbi tu linalotukohoza. Natumaini goti limepungua kuuma na alizeti umekwisha kupiga.

Mama, nimeitwa kwenye usaili! Ni ile hospitali mpya ya watu binafsi inayofunguliwa Singida mjini. Wamenipangia Alhamisi tarehe 14 Agosti, saa tatu asubuhi. Barua yao nimeisoma mpaka imeanza kuchanika kwenye mkunjo. Tangu nipunguzwe kazini mwaka jana nasimama kwenye duka la dawa la hapa Mitundu, nauza Panadol na vidonge vya minyoo, na nilishaanza kujizoesha kwamba gauni langu jeupe litabaki sandukuni.

Lakini naogopa. Ritha, yule niliyesoma naye chuo, alisailiwa na watu hao hao mwezi uliopita. Alikuwa amekariri vipimo vya dawa zote, hawakumuuliza hata kimoja. Anasema walimwambia, "Tueleze siku uliyogombana na mwenzako kazini." Akajibu yeye hagombani na watu. Wakaandika kitu. "Tueleze siku mgonjwa alipokukasirikia." Akajibu wagonjwa wote wanampenda. Wakaandika tena. "Tueleze siku uliyokosea." Akajibu hajawahi kukosea. Hapo hawakuandika, waliweka kalamu chini. Hakupata.

Mama, haya ni maswali ya namna gani? Sisi tulimaliza chuo, serikali ikatupa barua ya kupangiwa kituo, tukapanda basi tukaenda. Hakuna aliyetuuliza tumegombana na nani. Siku hizi wanasema ajira za moja kwa moja zimekwisha, kila mtu ajieleze mwenyewe. Mimi kufunga kidonda najua. Kujieleza sijui.

Wewe ndiye uliyenifundisha kazi pale kituo cha afya, miaka ile ya Iramba, na ndiye unayenijua nikiwa kazini kuliko mtu yeyote. Naomba unifundishe na hili. Najua nimeshapokea kwako zaidi ya haki yangu. Ulichonifanyia mwaka 1993 nakikumbuka kila siku ninapoamka, wala sitachoka kukushukuru.

Mwanao,
Sijaona Alute


Issuna,
20 Julai 1997

Mwanangu Sijaona,

Marahaba. Goti ni lile lile, tumezoeana. Alizeti nimemaliza, uwele bado.

Barua yako nimeipata kanisani Jumapili, nikaisoma nikiwa nimesimama. Nimefurahi mpaka mke wa katekista akaniuliza kama nimepata mkwe.

Sasa sikiliza. Hawa watu hawataki sifa zako. Wanataka kukuona ukiwa kazini, na kwa kuwa hawawezi kukufuata wodini, wanakuomba wewe uwapeleke. Basi wapeleke. Hapo ndipo Ritha alipopotea. Kila alipoulizwa siku moja, alijibu kwa maisha yake yote.

Neno "huwa" lifute kinywani mwako. Ukisema "mimi huwa navumilia," hujasema kitu, hata mwizi huwa anavumilia. Sema: siku fulani, mtu fulani, aliniambia hivi, nikafanya hivi, ikawa hivi. Na ukifika mwisho nyamaza. Wewe una tabia ya kuendelea kuongea watu wakikutazama.

La kugombana unalo: Bonifasi wa stoo na ufunguo wa jokofu la chanjo. Lieleze lote, na usimfanye Bonifasi kuwa shetani, maana watataka kujua kama unaweza kufanya kazi na mtu baada ya kugombana naye. La mgonjwa kukasirika unayo mengi. Chukua la yule mzee wa tezi dume aliyekurushia bakuli la uji. Usiwaambie tu kwamba ulimsamehe, waambie uligundua nini kilichokuwa kinamuuma.

La kukosea chagua dogo. Unakumbuka ulipompa mama mmoja kadi ya kliniki ya mtoto wa mwenzake, ukamfuata kwa baiskeli mpaka njia panda? Hilo linatosha. Lile la 1993 usilitaje. Liache lilipo.

Fanya mazoezi kwa sauti, mbele ya mtu. Kichwani kila mtu anajua kuongea.

Na usinishukuru kila barua, mwanangu. Inatosha.

Mama Anastazia


Mitundu,
28 Julai 1997

Mama yangu,

Shikamoo. Nimefanya kama ulivyosema. Kila jioni baada ya kufunga duka, wifi yangu Elina anavaa miwani ya kaka, anakaa kwenye kiti cha uvivu, na mimi nakaa kwenye kigoda mbele yake. Mara ya kwanza aliniuliza, "Tueleze, kwa nini wewe ni mwembamba hivyo?" Tukacheka tukaacha. Sasa ameshika kazi sawasawa, ananikatisha kila nikisema "huwa."

La Bonifasi nimelipanga hivi. Siku ya kliniki, akina mama wamejaa tangu alfajiri, Bonifasi kaenda mnadani na ufunguo mfukoni. Aliporudi nilimfokea mbele ya watu wote. Akanijibu, "Wewe binti, mimi ndiye mwenye stoo." Hapo tukakaa siku mbili hatusalimiani. Siku ya tatu nikamfuata, nikamwambia, "Kaka Bonifasi, nilikosea kukufokea mbele ya watu, ila watoto walirudi bila chanjo." Akaniambia kitu ambacho sikukijua: kuna aliyewahi kumwibia stoo, akakatwa yeye mshahara, tangu hapo ufunguo hauachi. Tukakubaliana uwe unabaki kwako wewe siku za kliniki. Elina amesema hilo ni zuri, limemfanya ampende Bonifasi.

Ila lile la kadi ya kliniki halisimami, Mama. Nilipomaliza kulieleza Elina alivua miwani akasema, "Hilo tu? Wifi, unaficha." Na kweli najiona naficha. Nikiulizwa nimekosea lini, kinachonijia ni Zabibu.

Elina hakujua, ikabidi nimweleze. Mtoto wa miaka mitatu, malaria kali, mama yake Stumai kamleta kwa miguu kutoka machimbo ya Sekenke. Mimi naingia zamu saa nane mchana, Stumai kaenda kisimani kufua nguo za mtoto. Nachukua kadi, naona ameandikiwa kwinini, naona haijachomwa, namchoma. Kumbe wewe ulikwisha kumchoma saa nne asubuhi na umeandika. Haikupita saa moja, mtoto akadhoofu, akaanza degedege. Ukanituma mbio kufuata glukosi. Niliporudi ndipo nilipoiona kadi juu ya meza: saa 4:00, kwa mwandiko wako, wazi kabisa. Nimeipitaje? Mpaka leo sijui. Ninachojua ni kwamba Mganga Mkuu wa Wilaya alipokuja, ulisimama ukasema, "Kosa ni langu." Ukapewa onyo kwa maandishi, na orodha ya kupunguzwa ilipotoka, jina lako likawa la kwanza. Mimi nikabaki kazini miaka mingine miwili kwa mgongo wako.

Mama, nakuomba ruhusa nilieleze hilo. Jina lako nitalitaja kwa heshima. Nataka watu wajue wewe ni mtu wa namna gani.

Nijibu mapema. Nitaondoka hapa tarehe 9 kwenda kwa shangazi Singida, nisije nikakwamishwa na basi.

Mwanao,
Sijaona


Issuna,
7 Agosti 1997

Sijaona,

Nimeanza barua hii mara tatu. Hii naimaliza, na kesho asubuhi naipeleka mwenyewe barabarani nimpe kondakta wa basi la Itigi. Naomba ikukute kabla hujaondoka.

Uliisoma kadi. Haikuwa na kitu.

Asubuhi ile nilimchoma Zabibu saa nne, na kabla sijashika kalamu nikaitwa chumba cha kujifungulia, kuna mama mtoto ametanguliza mkono. Nilikaa huko mpaka saa nane na nusu. Sikuandika wala sikumwambia mtu. Wewe ukaja, ukasoma, ukaona dawa haijachomwa, ukachoma. Ningekuwa mimi ningechoma.

Ulipopiga kelele nikaja. Nilimtazama mtoto, nikatazama bomba la sindano mezani, nikaelewa lote kwa mara moja. Nikakutuma glukosi. Ulipotoka tu mlangoni nikachukua kalamu nikaandika "saa 4:00," nikatia sahihi. Mkono huu wa kushoto ulikuwa umemshika mtoto, mkono huu wa kulia ukaandika. Halafu ukarudi, tukatafuta mshipa, tukaupata, na Mungu akatusaidia.

Sikupanga kukutwisha wewe. Nilikuwa mtu wa miaka ishirini na tisa kazini na mkono uliandika kwa woga. Ila baadaye nilikuona umesimama na ile kadi unaitazama, nikajua unachofikiri, nikanyamaza. Nikajiambia nitamweleza kesho. Mganga Mkuu alipokuja nikasema kosa ni langu, na ulikuwa ukweli, lakini la kadi sikulisema. Watu wote wakaona nimekukingia kifua. Wahudumu wakanishika mikono. Wewe ukanipigia magoti. Na mimi nikaipokea heshima hiyo, mwanangu, nikaenda nayo nyumbani.

Tangu hapo kila Krismasi unaniandikia kunishukuru. Hizo barua nazisoma mara moja nazifungia. Nilifikiri nitakufa nazo. Sasa watu wageni wa mjini wanakuuliza swali ambalo miaka yote serikalini hakuna aliyenikalisha chini akaniuliza, na wewe unataka kuwajibu kwa kosa ambalo si lako. Hilo siwezi.

Usiwaambie ulipitiwa. Hukupitiwa. Macho yako ni mazima.

Anastazia


Singida,
23 Agosti 1997

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Nimepata! Nimeanza kukuandikia kabla sijanywa chai. Barua ya kuajiriwa imeletwa leo asubuhi kwa shangazi. Naanza kazi tarehe 1 Septemba, wodi ya watoto.

Majibu yako hayakunifikia kabla sijaondoka Mitundu. Nilingoja mpaka asubuhi ya tarehe 9, nikaona nisipoteze basi. Basi niliamua mwenyewe, na naomba unisamehe kama nimekosea.

Walikuwa watatu. Bi Radhia Mansuri, Muuguzi Mkuu, mwanamke wa makamo wa hapa hapa mjini, sauti ya chini. Daktari mmoja kijana. Na mzee wa utawala ambaye hakusema neno mpaka mwisho. Swali la kwanza likawa la kugombana. Nikawaletea Bonifasi na ufunguo wake. Nilipofika mwisho nikanyamaza, Mama! Niliuma ulimi nikanyamaza. Daktari akatabasamu. La mgonjwa kukasirika nikawapa yule mzee wa uji, jinsi nilivyokuja kugundua kwamba hakuwa na mtu wa kumletea habari za nyumbani.

Halafu Bi Radhia akasema, "Tueleze siku uliyokosea."

Nikaanza na kadi ya kliniki. Nilisema maneno mawili nikasimama. Nikamwambia, "Naomba nianze upya. Hilo si lenyewe." Nikawaeleza la Zabibu lote. Nilivyopita juu ya maandishi yako kana kwamba hayapo. Ulivyosimama mbele ya Mganga Mkuu. Daktari akaniuliza, "Huyo mama alijua kosa si lake?" Nikamjibu, "Alijua, na alilibeba." Bi Radhia akaniuliza, "Tangu siku hiyo umebadilika nini?" Nikamjibu kwamba nasoma kadi mara tatu, na sichomi mtoto sindano kabla sijamuuliza mzazi wake. Ya kwamba hata dukani nasoma boksi la Panadol mara tatu mpaka wateja wananuna. Wakacheka. Sikukusudia wacheke.

Wakati natoka yule mzee wa utawala akaniambia, "Huyo mama yako, mfikishie salamu zangu." Nazifikisha.

Mama, kazi hii ni yako. Kila mshahara nitakaopokea, na wewe umo. Asante kwa kunifundisha, na asante kwa kunibeba. Mungu akulipe, maana mimi siwezi.

Mwanao mwenye furaha,
Sijaona


Singida,
6 Septemba 1997

Mama,

Shikamoo.

Kaka amekuja mjini jana kufuata mzigo, ameniletea barua yako ya tarehe 7 Agosti. Ilifika Mitundu nimekwisha kuondoka.

Nimeisoma nikiwa nimevaa sare. Nina swali moja tu. Je, ni kweli, au unanibeba tena?

Sijaona


Issuna,
14 Septemba 1997

Sijaona,

Ni kweli. Sijakubeba wakati wowote. Wewe ndiye uliyenibeba mimi, miaka minne, bila kujua.

Najua ulishawaambia wale watu kwa namna nyingine. Ukitaka kuwaeleza ukweli, taja jina langu kamili na useme nilichofanya na kadi. Ukitaka kunyamaza, sitakulaumu. Ukitaka kunikasirikia, una haki, chukua muda wako. Barua zako zote nimezitoa sandukuni nikazisoma tena, polepole safari hii.

Hongera kwa kazi mpya. Watoto wa wodini uwashike kwa mikono iliyopashwa moto, asubuhi za Singida zina baridi.

Anastazia


Singida,
19 Oktoba 1997

Mama Anastazia,

Shikamoo.

Nimekaa kimya zaidi ya mwezi. Nilikuwa nimekukasirikia, na sikutaka kukuandikia kwa hasira. Wiki za kwanza kila nilipofungua kadi ya mtoto nilikuona umesimama pale na kalamu. Nilikuwa nakumbuka jinsi nilivyokupigia magoti na wewe ukaniinua ukanifuta machozi kwa khanga yako. Hilo ndilo lililonichoma kuliko kadi yenyewe. Nililia kwa shangazi mpaka akafikiri nimefukuzwa kazi.

Kisha nikaenda kwa Bi Radhia. Nilimkuta ofisini anapanga zamu. Nikamwambia, "Kwenye usaili niliwaambia kitu ambacho hakikutokea." Akaweka kalamu chini, nikamkumbuka Ritha, nikajua nimekwisha. Nikamweleza yote, na jina lako, na kwamba wewe ndiye uliyetaka lisemwe.

Akaniuliza, "Kwa nini umekuja? Kazi ulishapata."

Nikamwambia, "Kwa sababu mliniajiri kwa hadithi hiyo."

Akasema, "Hatukukuajiri kwa hadithi. Tulikuajiri kwa sababu ulianza na kosa dogo, ukaona aibu, ukaomba kuanza upya. Sasa umekuja kuanza upya mara ya pili." Halafu akaniuliza jambo ambalo sikulitegemea. "Nimekuwa nikikutazama wodini. Unasoma kadi mara tatu. Ile ya tatu ni ya nini?"

Nikamjibu, "Nilikuwa siyaamini macho yangu."

Akasema, "Soma mara mbili. Wagonjwa wanakungoja."

Mama, nilitoka pale nikasimama kwenye kibaraza cha wodi nikavuta pumzi. Miaka minne nilijiona ni mtu ambaye akitazama kitu haoni. Nilikataa kushika sindano za watoto kwa mwaka mzima, unakumbuka. Kumbe nilikuwa naona.

Hapo ndipo hasira ilipoanza kushuka. Nilifikiri hivi: hukuwa na haja ya kuniambia. Ungenipa ruhusa, au ungeniambia nichague dogo, na mimi ningeendelea kukushukuru mpaka mmoja wetu azikwe. Badala yake ukaenda barabarani na goti lako kutafuta kondakta. Ulipoteza heshima yako yote kwangu kwa hiari yako, ili nisijisingizie mbele ya watu.

Na mimi nina sehemu yangu, nisiifiche. Stumai alikuwa kisimani tu. Ningengoja arudi ningemuuliza, angeniambia mtoto amekwisha kuchomwa. Sikungoja kwa sababu nilitaka uone nimemaliza kazi mapema. Hiyo ndiyo siku niliyokosea, na ni yangu halali.

Basi nakushukuru, na safari hii nakushukuru kwa mambo yaliyotokea. Ulinifundisha kutafuta mshipa wa mtoto aliyekauka maji. Ulikaa na Zabibu siku tatu hujarudi nyumbani. Ulinifundisha kufuta neno "huwa." Na umenirudishia macho yangu. Hizi shukrani usizifungie sandukuni.

Mwanao,
Sijaona


Issuna,
9 Novemba 1997

Mwanangu Sijaona,

Marahaba. Barua yako niliisoma nikaimaliza, nikaenda kukaa nje kwenye jua. Asante kwa kukasirika sawasawa na asante kwa kurudi.

Baada ya kuisoma niliona kuna mtu mmoja bado hajaambiwa. Jumatatu iliyopita nilipanda basi mpaka Singida, nikaunganisha la Nzega, nikashuka Sekenke. Samahani sikupita hospitalini kukuona. Niliogopa nikikuona ningegeuza njia.

Stumai nilimkuta nyuma ya nyumba anatwanga mawe ya dhahabu na wanawake wenzake. Amenenepa kidogo. Alinitambua mara moja, akawaambia wenzake, "Huyu ndiye nesi aliyemwokoa mwanangu." Nikaona kama ardhi ipasuke. Nikamwomba tukae pembeni. Akasema, "Sema tu mama, mimi natwanga huku nasikiliza, mawe haya ni ya watu."

Basi nikasema mbele yake na mchi ukipanda na kushuka. Kwamba sikuandika. Kwamba mtoto alichomwa mara mbili kwa uzembe wangu. Kwamba niliandika baadaye ili nionekane nilikwisha kuandika, na binti wa watu akabeba.

Mchi ukasimama. Akaniambia, "Najua."

Nikamuuliza anajuaje.

"Nilikuwa nimerudi kutoka kisimani. Nilisimama mlangoni na ndoo ya nguo. Nilikuona ukiandika."

"Mbona hukumwambia Mganga Mkuu alipokuja?"

Akanitazama, Sijaona, kama anayetafuta jibu kwa mara ya kwanza. Akasema, "Alipokuja mtoto alishaanza kula uji. Nilikuwa na shukrani na nilikuwa na hasira, nikashindwa nianze na ipi. Nikaona nimchukue mwanangu twende nyumbani. Nilijua kama una moyo utakuja." Kisha akasema, "Umechelewa, lakini umekuja."

Hakuniambia amenisamehe. Alinipa kigoda, akanipikia. Nilikula ugali wake wa mtama na mlenda, na sijala chakula kilichonishuka vizuri hivyo tangu nipunguzwe kazini. Nilimwambia kuhusu wewe, uliko, na wodi yako. Ameniagiza nikuambie akija mjini atapita. Anasema hakuwa na kinyongo na wewe hata siku moja, maana ulilia zaidi yake.

Saa saba Zabibu akarudi kutoka shuleni. Yuko darasa la kwanza, meno ya mbele hana, miguu mirefu kama ya korongo. Akanisalimia shikamoo, hanijui. Stumai akamwambia, "Huyu ni bibi aliyekutibu ulipokuwa mdogo. Walikuchoma sindano."

Mtoto akanikazia macho. Akaniuliza, "Nililia?"

Nikamwambia, "Hapana. Wewe hukulia. Tulilia sisi."

Akafikiri kidogo, akaona ni jibu zuri, akaenda kubadilisha sare acheze.

Mama yako,
Anastazia